Samaki wanne wa kilindini, meza moja Mbeya: uchambuzi wa kisa cha utambuzi

## Usuli

Kisa hiki kilitokea katika chuo kimoja jijini Mbeya kinachoandaa walimu wa baiolojia wa sekondari. Jina la chuo, majina ya wahusika na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa. Wanafunzi watatajwa kwa kazi walizofanya. Mimi ni mwalimu wa idara hiyo, na nilikaa na kikundi hiki tangu walipopewa zoezi hadi bango lao lilipobandikwa ukutani.

Katika somo la uainishaji, wanafunzi wetu hupewa samaki wa sokoni. Perege na usipa wa Mwanjelwa hupatikana bila shida, na bei yake inabebeka. Udhaifu wa zoezi hilo ni kwamba mwanafunzi anamjua perege kabla hajaufungua ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali ya sifa za mwili unaoongoza hadi kwenye jina. Anaufuata huku jibu analo mfukoni, na akifika kwenye hatua isiyolingana na samaki aliyemshika, anairuka. Mwishoni jina analitaja sawasawa, lakini ukimuuliza ni kitu gani mwilini mwa samaki kilichomfikisha hapo, anababaika. Mhadhiri wa somo akataka samaki ambao hakuna mtu darasani aliyewahi kuwaona wala kuwala.

Aliwachagua samaki-konokono wa bahari ya kina kirefu, wa familia ya Liparidae. Familia hii ina zaidi ya spishi 400. Wamo wanaoishi kwenye madimbwi ya mawe ufukweni maji yanapokupwa, na wamo waliopigwa picha chini ya mita 8,000. Ngozi yao ni laini, haina magamba, na kwa wengi chini yake kuna tabaka nene la ute. Pezi la mgongoni ni refu, na la upande wa chini vilevile, yote mawili yakienda kukutana na mkia au karibu nao. Wengi wana kisahani cha kunatia, chini ya mwili nyuma kidogo ya kidevu, kilichotokana na mapezi ya nyonga.

Kulikuwa na sababu nyingine. Mwaka 2025 watafiti walichapisha maelezo ya spishi tatu mpya za familia hii kutoka kilindini karibu na pwani ya California, pamoja na picha na skani. Kwa hiyo jibu lililothibitishwa na wataalamu lilikuwepo, lakini halikuwa kwenye kitabu chochote cha shule wala kichwani mwa mwanafunzi yeyote.

Kwa mtu aliyekulia nyanda za juu, vina vya namna hiyo havishikiki kirahisi akilini. Samaki wa kwanza wa zoezi alikamatwa mita 3,268 chini ya uso wa bahari. Uchukue Mlima Rungwe, usiofika mita 3,000, uukalishe juu ya sakafu ya bahari mahali hapo, na kilele chake kingebaki majini.

## Vielelezo na vifaa

Chuo hakikuwa na samaki-konokono hata mmoja ndani ya chupa. Kikundi cha wanafunzi sita kilipewa picha za rangi, skani za CT (picha za eksirei za pande zote) zinazoonyesha mifupa, na maelezo ya mahali na kina. Majina yote yalifutwa, na samaki wakaitwa A, B, C na D.

A alikuwa wa waridi, mwenye vinundu kwenye ngozi, kichwa cha mviringo, macho makubwa na mapezi mapana ya kifuani. Urefu wake ni sentimita 9.2. Alikamatwa mwaka 2019 na roboti ya chini ya maji katika sehemu za nje za Korongo la Monterey. B alikuwa mweusi mwili mzima, kichwa cha mviringo, mdomo uliolala sambamba na mwili. C naye alikuwa mweusi, lakini mrefu, aliyebanwa mbavuni, taya lake likiwa limeinama kwa pembe. B na C walikusanywa kwa nyambizi ya Alvin katika eneo la utafiti liitwalo Station M, kwenye kina cha mita 4,000 hivi.

D hakuwa na mwili wa kupima. Alikuwa fremu chache za video zilizopigwa mwaka 2022 kwenye Mfereji wa Izu-Ogasawara, bonde refu la kina kikubwa kwenye sakafu ya bahari kusini mwa Japani, mita 8,336 chini: samaki mchanga akiogelea mbele ya kamera iliyoshushwa na chambo. Hadi tukio hilo, hakuna samaki aliyekuwa amepigwa picha kwenye kina kikubwa zaidi.

Kikundi kilitakiwa kuandaa bango la wiki ya sayansi chuoni likionyesha kila samaki na jina lake. Neno hilo, “jina lake”, ndilo lililoleta mvutano mkubwa baadaye.

## Yaliyotokea

Mgawanyo wa kwanza ulifanyika haraka. Kiongozi wa kikundi alizipanga picha mezani, akasema, “Mwalimu, hapa hakuna kazi kubwa. B na C ni ndugu, wote weusi na wametoka sehemu moja. A yuko peke yake.” Wenzake wakakubali. Mhadhiri hakumpinga. Aliwaomba waandike kila sababu kwenye daftari la kumbukumbu, na mbele ya kila sababu waandike ni sehemu gani ya mwili inayoithibitisha. Mbele ya “weusi” waliandika “ngozi”. Mbele ya “sehemu moja” hapakuwa na kitu cha kuandika.

Hapo wakalazimika kujiuliza rangi ina maana gani gizani. Mwanga wa jua hauna nguvu yoyote ya maana chini ya mita 1,000, na sehemu nyekundu ya mwanga humezwa na maji mapema kabisa karibu na uso wa bahari. Samaki mweusi kilindini haonekani. Samaki mwekundu au wa waridi naye haonekani, kwa kuwa hakuna mwanga mwekundu wa kuakisi. Hivyo mazingira yaleyale yanaweza kuwapaka weusi samaki wa koo mbalimbali, na yakawaacha ndugu wawili na rangi tofauti bila hasara kwa yeyote.

Msomaji wa skani, binti aliyekulia Kyela, ndiye aliyeupindua mpangilio. Alikuwa akiizungusha skani ya B kwenye kompyuta wakati wenzake wakibishana. “Kaka, mmeangalia tumbo?” Chini ya kichwa cha B kulikuwa na mifupa midogo iliyojipanga kwa duara. Akafungua ya A: duara lilelile, mahali palepale. Akafungua ya C: hakuna kitu. Kwa muda mfupi meza ilinyamaza, kisha picha zikahamishwa. A na B upande huu, C upande ule.

Mpimaji, kijana wa Tukuyu, hakuridhika. Alisema mito ya kwao ina samaki wadogo wanaonata kwenye mawe ili wasisombwe na maji, na hakuna anayedai wana undugu na samaki wa baharini. Alikuwa akizungumzia jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Chiloglanis, samaki wa kundi la kambare. Hoja yake ilikuwa nzito: kama kunata kumetokea kwa kambare wa mtoni na kwa samaki wa kilindini, kwa nini kunata kuwe ushahidi kwamba A na B ni ndugu? Nadhani hili ndilo swali bora lililoulizwa katika zoezi zima. Jibu walilipata kwenye mifupa. Kwa Chiloglanis kinachonata ni midomo; kisahani chao ni sehemu ya kinywa. Kwa A na B kisahani kimeshikiliwa na mifupa ya mapezi ya nyonga, na kinywa kiko mbali nacho. Kwa hiyo waliandika kwenye daftari kwamba kazi ya kiungo haitoshi, lazima itajwe mifupa iliyokijenga.

Kwa kuwa C hakuwa na kisahani, kiongozi alitaka kuandika Paraliparis, jenasi ya samaki-konokono isiyo na kisahani, na kuendelea. Mtunza kumbukumbu akamzuia. Kwenye maelezo waliyopewa kulikuwa na jenasi nyingine isiyo na kisahani, Psednos. Kinachozitofautisha, pamoja na umbo, ni idadi ya vijiti vya mfupa vinavyoshikilia utando chini ya mfuniko wa matamvua: Paraliparis kwa kawaida wana 6, Psednos wana 5. Mpimaji alihesabu upande wa kushoto akapata 5. Msomaji wa skani alihesabu kulia, bila kuambiwa jibu la mwenzake, akapata 6. Walirudi kushoto na kuongeza ukali wa picha. Kijiti kimoja chembamba kilikuwa kimejificha nyuma ya kingine. Sita na sita.

Vijiti vya pezi la mgongoni viliwasumbua zaidi. Kwa perege unajua pezi linaanzia wapi na linaishia wapi, na miiba migumu ya mbele inakusaidia. Kwa samaki-konokono pezi linaingia kwenye mkia pole pole, na kila mhesabuji aliamua mwenyewe aishie wapi. Hesabu za watu wawili zilipishana kwa vijiti kadhaa. Suluhisho lao lilikuwa kuanza na pingili za uti wa mgongo, ambazo skani inazionyesha moja moja, kisha kueleza kila kijiti cha mwisho kiko juu ya pingili ya ngapi. Pingili nazo walizigawa: za tumbo, na za mkia ambazo kwa chini zina mwiba uliofungamana. Katika familia hii jumla ya pingili huanzia 38 hadi 86, kwa hiyo tofauti ya moja au mbili kati ya wahesabuji si kosa kubwa katika kuitenga familia, ila katika kutenga spishi mbili zinazokaribiana inaweza kuharibu kila kitu.

Vinundu vya A vilileta hoja nyingine. Mmoja alidai ni mikunjo iliyosababishwa na dawa ya kuhifadhia, kwa sababu samaki laini hujikunja akiwekwa kwenye formalini. Shaka hiyo ilikuwa halali. Waliitatua kwa picha iliyopigwa na roboti kabla samaki hajakamatwa: akiwa hai, mita 3,268 chini, vinundu vilikuwepo.

Umeme ulikatika mara kadhaa na bando la intaneti likaisha katikati ya kupakua skani. Kazi ilichelewa, lakini hilo halikubadilisha matokeo.

Kisha wakamfikia D. Kiongozi wa kikundi alikuwa amesoma kwamba msafara uleule wa mwaka 2022 ulikamata samaki-konokono wawili kwenye Mfereji wa Japani, mita 8,022 chini, na kwamba walitambuliwa kuwa Pseudoliparis belyaevi. “Msafara mmoja, bahari moja, kina kinakaribiana. Tuandike belyaevi.” Mwingine akapendekeza Pseudoliparis swirei wa Mfereji wa Mariana, kwa kuwa ndiye maarufu na picha zake zinafanana na video. Mtunza kumbukumbu alisema hawezi kuandika lolote kati ya hayo kwa sababu safu ya “sehemu ya mwili” ilikuwa tupu. Sauti zikapanda. Mmoja alisema wazi kwamba bango lenye nafasi isiyo na jina litawaaibisha mbele ya wageni.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, uliofanyika baada ya mgawanyo wa rangi kuanguka, ulikuwa kuishusha rangi hadi hatua ya mwisho ya uchunguzi. Haikutupwa. Rangi ya B bado inamtofautisha na A, na wataalamu wenyewe huieleza, ikiwa ni pamoja na rangi ya ndani ya kinywa na ya utando wa tumbo. Ila isingetumika kumweka samaki kwenye jenasi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kila hesabu ifanywe na watu wawili wasiosikilizana, na namba zote mbili ziandikwe hata kama zinapishana. Walikataa pendekezo la kuchukua wastani. Sababu ya mtunza kumbukumbu ilikuwa nzuri sana: hakuna samaki mwenye vijiti 5 na nusu, kwa hiyo wahesabuji wakipishana, jambo la kufanya ni kurudi kwenye mfupa.

Uamuzi wa tatu ulimhusu D, na ulichukua muda mrefu kuliko mwingine wowote. Waliorodhesha kile ambacho macho yao yenyewe yaliona kwenye video: mwili laini uliochongoka kuelekea mkiani, pezi refu lisilokatika, mapezi mapana ya kifuani, hakuna magamba. Hayo yaliwatosha kusema Liparidae. Kisahani hakikuonekana kwenye fremu yoyote. Pingili hazikuwepo za kuhesabu. Jenasi ya Pseudoliparis waliipata kwa watafiti wa msafara, na wao wenyewe wasingeweza kuifikia kwa fremu zile.

Mhadhiri aliwapa taarifa moja tu ya nyongeza: jenasi hiyo ina spishi tatu zilizopewa majina, yaani amblystomopsis, belyaevi na swirei, na kwamba mbili za kwanza zote zinajulikana kutoka Mfereji wa Japani. Hoja ya “mahali na kina vinakaribiana” ikakosa mguu wa kusimamia. Kama mfereji mmoja una spishi mbili, basi kutaja mfereji wa jirani hakumtaji samaki. Isitoshe D alikuwa mchanga, na uwiano wa kichwa, macho na mwili hubadilika samaki anapokua, kwa hiyo kumlinganisha kwa macho na picha za watu wazima kulikuwa na hatari yake.

Waliamua kuandika mistari miwili chini ya picha ya D. Wa kwanza: “Liparidae, kwa tulivyoona.” Wa pili: “Pseudoliparis, kwa mujibu wa watafiti wa msafara; spishi haijatambuliwa.” Kiongozi wa kikundi alikubali kwa shingo upande.

## Matokeo

Majina yalifunuliwa baada ya bango kukamilika. A ni Careproctus colliculi, B ni Careproctus yanceyi, C ni Paraliparis em. Jenasi za samaki wote watatu kikundi kilizipata. Samaki wa waridi na samaki mweusi walikuwa ndugu wa jenasi moja, na weusi wawili waliotoka eneo moja walikuwa wa jenasi tofauti.

Kwenye spishi matokeo yalichanganyika. Kikundi kilikuwa kimepewa orodha ya maelezo ya spishi zilizokwisha kupewa majina. Kwa A na C waliandika kwamba hawalingani na yeyote kwenye orodha, na walikuwa sahihi. Kwa B walimlinganisha na spishi moja ya Careproctus iliyokwisha kuelezwa na kumpa jina hilo. Walikosea.

Kuhusu D, mhadhiri aliwaonyesha kwamba watafiti wenyewe, walipotangaza video mwaka 2023, waliishia palepale: spishi isiyojulikana ya jenasi ya Pseudoliparis. Watu waliotumia miaka mingi kuchunguza samaki hawa, wenye kamera zao wenyewe, hawakumpa jina la spishi samaki ambaye hawakumshika.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni ile safu ya daftari iliyodai sehemu ya mwili mbele ya kila sababu. Haikuhitaji fedha wala kifaa. Iliiangusha hoja ya rangi, ikaiangusha hoja ya mahali, na kwa D ikambana mtu aliyekuwa na haraka. Nimewaona wanafunzi wenye hadubini nzuri wakifanya kazi dhaifu kuliko hii kwa sababu hakuna aliyewadai waonyeshe mfupa.

Swali la kijana wa Tukuyu linastahili kutazamwa tena. Lilitoka kwenye ujuzi wa nyumbani, na lingeweza kupuuzwa kama la mtu anayechanganya mto na bahari. Kumbe ndilo lililowafundisha tofauti kati ya viungo vinavyofanya kazi moja na viungo vyenye asili moja, jambo ambalo huwa tunalifundisha kwa mfano wa bawa la popo na la kipepeo, na wanafunzi hulikariri tu. Pia liliwalinda na kosa la upande wa pili. Ndani ya samaki-konokono wenyewe kisahani si jambo la “kipo” au “hakipo” tu: Elassodiscus wana kisahani kilichosinyaa hadi kuwa kidogo mno, na Osteodiscus wamebaki na mifupa yake huku nyama yake ikiwa imepungua sana. Mtu anayetazama ngozi tu anaweza kumwita mmoja wao “asiye na kisahani”. Anayetazama mifupa hatafanya hivyo.

Kosa la B lilitokea kwa njia ninayoiona kila muhula. Kikundi kilitafuta kwenye orodha samaki anayefanana na B, kikapata anayelingana naye kwa sifa kadhaa, kikasimama. Hawakutafuta sifa ambazo hazilingani. Kwa A na C walifanya kinyume, kwa kuwa vinundu vya A na umbo la C viliwalazimisha kuuliza “huyu anatofautiana na nani?” B hakuwa na kitu cha kushangaza, kwa hiyo hakuna aliyemhoji. Katika familia hii hilo ni tatizo kubwa, maana Careproctus peke yake ina zaidi ya spishi 100, na Paraliparis vilevile. Katika umati huo karibu kila samaki atalingana na mwenzake kwa sifa nne au tano. Ulinganifu unapunguza orodha. Kinachomwondoa mgombea ni tofauti moja iliyothibitishwa. Watafiti walioeleza spishi hizi tatu hawakutegemea sifa moja. Waliunganisha vipimo vya mwili, skani na DNA, ikiwemo jeni ya COI ya mitokondria ambayo hutumika sana kutenganisha spishi za wanyama. Kikundi chetu hakikuwa na DNA ya kulinganisha, na kwa B pengo hilo lilionekana. Jibu la uaminifu kwa B lilikuwa “Careproctus, spishi haijathibitishwa”, yaani kanuni ileile waliyoipigania kwa D dakika chache baadaye.

Kwa nini kanuni ilishika kwa D ikateleza kwa B? Naamini ni kwa sababu ya wingi wa ushahidi. D alikuwa na video tu, na upungufu wake ulionekana wazi. B alikuwa na picha nzuri, skani kamili na vipimo, na mtu mwenye ushahidi mwingi huhisi anadaiwa jibu kamili. Lakini ushahidi mwingi wa jenasi haugeuki kuwa ushahidi wa spishi kwa kulundikwa. Mwalimu atakayerudia zoezi hili namshauri aweke kwenye ufunguo wake, katika kila hatua, nafasi ya “sina uwezo wa kuona sifa hii”, na mwanafunzi anayeitumia kwa haki apate alama zake.

Kuna jambo lililowasisimua wanafunzi mno ambalo halikupangwa. Jina la B linamheshimu Paul Yancey, mwanafiziolojia aliyechunguza kemikali ya TMAO, ambayo huzilinda protini za samaki zisiharibiwe na mgandamizo. Kadiri samaki anavyoishi chini zaidi ndivyo kemikali hiyo inavyoongezeka mwilini, na inafika mahali ambapo ikiongezeka tena majimaji ya mwili yanakuwa na vitu vilivyoyeyuka vingi kupita maji ya bahari yenyewe, na maji yanaanza kuingia ndani. Mwaka 2014 Yancey na wenzake walikadiria kwamba mpaka huo uko kati ya mita 8,200 na 8,400 hivi. D alionekana kwenye mita 8,336. Msomaji wa skani ndiye aliyeziweka namba hizo mbili pamoja, na zikaingia kwenye bango. Kwa utambuzi maana yake ni kwamba kina nacho ni ushahidi: kinapunguza sana orodha ya familia zinazowezekana. Ila kinapunguza tu. Hakimtaji samaki.

Mahali pia ni hivyo, na kwetu huku tunao mfano wa karibu. Mtu akiandika “Mto Songwe” kwenye lebo ya kielelezo hajasema kitu cha kutosha, kwa kuwa kuna Songwe inayomwaga maji Ziwa Rukwa na Songwe nyingine ya mpakani na Malawi inayoingia Ziwa Nyasa. Mabonde hayo mawili yana samaki tofauti. Chupa yenye neno hilo peke yake inaweza kumpotosha mtafiti kwa miaka mingi baada ya aliyeiandika kuondoka.

Udhaifu ambao daftari halikuweza kuuponya ni kukosa samaki wenyewe. Skani haionyeshi ute ulio chini ya ngozi, wala jinsi ngozi inavyochanika samaki huyu akiletwa juu. Haionyeshi formalini inavyomfanya mwili usinyae na rangi ipotee, wala inavyoiharibu DNA, kiasi kwamba kipande cha nyama kinapaswa kukatwa na kuwekwa kwenye ethanoli kabla mwili haujaguswa na formalini. Haya mwanafunzi huyaelewa mikono yake ikiwa imelowa.

Kwa sababu hiyo kikundi kiliendelea na Chiloglanis wa mtoni, kwa kibali na chini ya usimamizi wa chuo. Kila samaki alipigwa picha akiwa hai, akakatwa kipande kidogo cha pezi kikaingia kwenye ethanoli, ndipo mwili ukahifadhiwa. Kwenye lebo waliandika ni Songwe ipi, karibu na daraja gani, tarehe, na majina ya wahesabuji wawili. Mahali pa spishi, kwenye chupa zote, pameandikwa kwa penseli “Chiloglanis sp.”, yaani spishi haijatambuliwa, na nyuma ya kila lebo kuna orodha ya sifa ambazo bado hazijahesabiwa.